Daktari, Nina Baridi Yabisi na Ninataka Mtoto

Tangu tulipogusia ugonjwa wa baridi yabisi katika safu hii, barua zinazouliza habari za mimba zimezidi zote nyingine. Si ajabu, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na si wachache kati yao huwaanza wakiwa bado katika umri wa kuzaa. Tumechagua barua tano, tukazifupisha na kuyaficha majina ya walioziandika. Kabla sijazijibu, niseme neno moja juu ya jina lenyewe, maana limepotosha wengi. Baridi yabisi ninayoizungumzia hapa hailetwi na baridi ya hewa wala kuoga maji ya baridi, na si yale maumivu ya magoti yanayokuja na uzee. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyopaswa kupambana na vijidudu, huugeukia utando laini uliomo ndani ya viungo na kuushambulia, viungo vikavimba, vikakakamaa asubuhi na, visipotibiwa, vikaharibika na kupinda.

*Daktari, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 31, na huu ni mwaka wa nne tangu nigunduliwe kuwa na baridi yabisi. Ninameza methotreksati kila Jumapili, na viungo vimetulia, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kulia ambavyo asubuhi hukataa kufunga vifungo vya blauzi. Mimi na mume wangu tumeamua kutafuta mtoto. Dada yangu, ambaye si mgonjwa, ameniambia nitupe dawa zote leo na tuanze kujaribu kesho. Nifuate ushauri wake?*
*Mwenye Vifungo Vigumu*

Ushauri wa dada yako una nusu ya kweli na nusu ya hatari, na hatari yenyewe imekaa katika neno "zote". Mgonjwa akinijia na nia kama yako, mimi humwomba arudi na dawa zake ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile anazojinunulia bila cheti, kisha tunazimwaga mezani na kuzigawa mafungu matatu. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, na mara nyingi fungu la dawa za kuachwa, ambalo mgonjwa alidhani litajaza meza, huwa dogo kuliko mengine.

Katika fungu la kwanza ndimo ilimo methotreksati yako. Dawa hii huzuia kazi ya asidi ya foliki, ambayo seli za mtoto aliye tumboni huihitaji mno wakati zinapogawanyika kwa kasi, na kwa sababu hiyo inaweza kuiharibu mimba au kumwachia mtoto kasoro za fuvu, uso, mikono na miguu. Miongozo ya kitaalamu inataka iachwe mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kuanza kutafuta mimba. Lefunomidi nayo imo katika fungu hili, na ina ubishi wake, kwa maana inaweza kubaki mwilini hata miaka miwili baada ya kidonge cha mwisho. Anayeitumia halazimiki kungoja muda wote huo. Hupewa unga wa kolestiramini, gramu 8 mara tatu kwa siku kwa siku 11, ambao huizoa dawa hiyo kupitia utumbo, kisha damu yake hupimwa mara mbili, kwa kupishana angalau siku 14, ili kuthibitisha kwamba haimo tena. Vidonge vipya vya tofasitinibu na barisitinibu pia huachwa kabla ya mimba.

Fungu la pili ni la dawa ambazo mjamzito anaweza kuendelea nazo, na hapa ndipo wengi hushangaa. Haidroksiklorokwini imo. Salfasalazini imo, mradi iambatane na asidi ya foliki ya miligramu 5 kila siku. Azathioprini imo. Predinisoloni nayo imo, ila kwa kiasi kidogo kadiri inavyowezekana. Kondo la nyuma huivunja sehemu kubwa ya predinisoloni kabla haijamfikia mtoto, lakini kipimo kikubwa kwa muda mrefu humwongezea mama hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu, maambukizi na kujifungua kabla ya siku zake.

Fungu la tatu ni la dawa zinazotaka kalenda, yaani zinaruhusiwa katika miezi fulani na kukatazwa katika mingine. Zile za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nitazieleza katika barua inayofuata. Zipo pia sindano za kibayolojia zinazozuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF. Mojawapo, sertolizumabu, imeundwa kwa namna ambayo haivuki kondo la nyuma ila kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo inaweza kutumika mimba nzima. Nyingine za jamii hiyo huvuka zaidi mimba inapokuwa kubwa, na daktari huweza kuzisimamisha katika miezi ya mwisho iwapo ugonjwa umetulia. Mama aliyechomwa sindano hizi hadi miezi ya mwisho amweleze mhudumu wa chanjo, kwa sababu chanjo zenye vijidudu hai, hasa BCG ya kuzuia kifua kikuu, kwa kawaida hucheleweshwa mpaka mtoto afikishe miezi sita. Ninalisisitiza hili kwa kuwa chanjo ya BCG mara nyingi hutolewa siku za mwanzo kabisa baada ya kuzaliwa, mama akiwa bado amelala na hakuna anayemuuliza.

Kwa nini basi usizitupe zote ili mwili uwe safi? Kwa sababu ugonjwa uliofunguliwa kamba nao humdhuru mtoto. Wajawazito ambao baridi yabisi yao inawaka huelekea zaidi kuzaa watoto wenye uzito mdogo au walio njiti, na mara nyingi huishia kuhitaji predinisoloni nyingi kuliko dawa walizoziogopa. Ndiyo maana ninapenda ile miezi mitatu isiwe ya kungoja tu methotreksati itoke mwilini. Dawa inayochukua nafasi yake ianze mapema, kwa kuwa salfasalazini na haidroksiklorokwini huchukua wiki kadhaa, pengine miezi mitatu, kuonyesha nguvu zake, na ni heri ujue kwamba dawa mpya haikutoshi kabla hujashika mimba kuliko kulijua hilo ukiwa na ujauzito wa miezi minne. Endelea na njia madhubuti ya uzazi wa mpango, kama kitanzi au kipandikizi, hadi daktari wako aseme sasa mnaweza kuanza. Na vile vidole viwili usividharau. Mwonyeshe daktari, kwani kukakamaa kwa asubuhi ni dalili kwamba ugonjwa haujalala vizuri.

Omba pia damu yako ipimwe kuona kama ina kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoitwa Ro na La. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi hawana, lakini mama aliye na Ro ana uwezekano wa takriban 2 kati ya 100 wa kupata mtoto ambaye umeme wa moyo wake umezibwa tangu tumboni, moyo ukapiga polepole mno. Ikijulikana mapema, haidroksiklorokwini huongezwa, na moyo wa mtoto hutazamwa kwa picha kuanzia wiki ya 16 au 18 hadi ya 26.

*Daktari, mimi nina umri wa miaka 36. Tumetafuta mtoto kwa miezi 14 bila mafanikio. Hedhi yangu inakuja kwa wakati, vipimo vya homoni vimeonekana vizuri, na daktari wa wanawake hakuona tatizo. Dawa ya baridi yabisi ninayoitumia ni salfasalazini, na kwa maumivu humeza diklofenaki mara mbili kwa siku, karibu kila siku. Je, ugonjwa huu umenifanya tasa?*
*Ninayehesabu Siku*

Hapana, baridi yabisi haikufanyi tasa, ila inaweza kukuchelewesha. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Uholanzi, takriban wanawake wanne kati ya kila kumi wenye ugonjwa huu walichukua zaidi ya miezi 12 kushika mimba. Mambo yaliyoambatana na ucheleweshaji huo ni umri, kutowahi kuzaa, ugonjwa uliokuwa ukiwaka, predinisoloni ya zaidi ya miligramu 7.5 kwa siku, na dawa za jamii ya hiyo diklofenaki yako. Ninaposoma barua yako, macho yangu yanatua kwenye maneno "karibu kila siku".

Yai hukomaa ndani ya kifuko kidogo kilicho katika ovari, na kifuko hicho sharti kipasuke ili yai litoke na kukutana na mbegu za kiume. Kupasuka huko hutegemea kemikali zinazoitwa prostaglandini, zile zile ambazo diklofenaki na ibuprofeni huzizuia ili kupunguza maumivu. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuona hedhi yake kwa wakati, homoni zake zikapanda na kushuka inavyopaswa, vipimo vya damu vikasema yai limetoka, kumbe limefungiwa ndani ya kifuko kisichopasuka. Daktari wa wanawake asiyejua kwamba unameza dawa hizi hawezi kuligundua hilo kwa kipimo cha damu pekee, na wagonjwa wengi hawazitaji kwa kuwa wanaziona ni dawa za dukani tu. Habari njema ni kwamba kasoro hii huondoka ukiacha dawa. Zungumza na daktari wako uziache kabisa katika kipindi hiki, au angalau katika siku za katikati ya mzunguko ambazo yai hutarajiwa kutoka, na utumie parasetamoli badala yake.

Hata hivyo, sitaki diklofenaki ibebe lawama peke yake. Mtu anayehitaji dawa ya maumivu mara mbili kila siku ni mtu ambaye ugonjwa wake haujadhibitiwa, na jibu la kweli ni kuiongezea nguvu tiba ya msingi kwa dawa zilizo katika fungu la pili au la tatu nililolieleza juu. Usidanganyike pia kwamba ukishashika mimba utairudia diklofenaki kama zamani. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kuzipunguzia figo za mtoto kazi na kuyakausha maji yaliyomzunguka, na baada ya wiki ya 30 zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa mmoja ulio karibu na moyo wake, ambao unapaswa kubaki wazi hadi azaliwe.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeliandika katika barua yake, nami ninalijua kutokana na wanaoketi mbele yangu. Uchovu na maumivu ya nyonga hupunguza tendo la ndoa, na mimba haiji kwa hesabu ya kalenda peke yake. Kuoga maji ya vuguvugu, kumeza parasetamoli nusu saa kabla, kuchagua saa ambazo mwili umelegea badala ya alfajiri ulipokakamaa, na kulala ubavu kwa ubavu ili nyonga zisibebe uzito, ni mambo madogo ambayo wenzi wengi huona haya kuyauliza. Muulizeni daktari, amekwisha kuyasikia.

Kwa kuwa umepita miaka 35, miezi sita ya kujaribu ilikuwa inatosha kukupeleka kwa mtaalamu wa uzazi, nawe umeshazidisha mara mbili. Nenda pamoja na mume wako, apimwe mbegu, maana sehemu kubwa ya matatizo ya uzazi iko upande wa mwanamume na baridi yabisi ya mke haimpi mume msamaha wa kupimwa. Ikibidi kutungisha mimba nje ya mwili, ugonjwa wako haukuzuii, bali utatakiwa uwe umetulia.

*Daktari, naandika nikiwa na hofu. Nimegundua kwamba nina mimba ya wiki saba, na methotreksati ya mwisho niliimeza wiki iliyopita. Hatukuwa tumepanga. Nifanye nini?*
*Mwenye Hofu*

Acha methotreksati leo hii, anza asidi ya foliki miligramu 5 kila siku, na uonane na daktari wako pamoja na daktari bingwa wa uzazi ndani ya wiki hii, wala usingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Dawa hii ikitumiwa baada ya mimba kutungwa, karibu mimba 4 kati ya kila 10 huharibika zenyewe, na watoto 6 au 7 kati ya kila 100 wanaozaliwa huwa na kasoro kubwa, ilhali katika mimba nyingine kasoro hizo huwapata watoto kama 3 kati ya 100. Nimekuandikia hesabu hizo waziwazi kwa sababu nimeona wanawake wakiambiwa kwamba mtoto lazima atazaliwa na ulemavu, jambo ambalo si kweli. Hatari imeongezeka, haijawa hukumu. Utahitaji picha ya kina ya mtoto, hasa katika wiki ya 18 hadi 20, na uamuzi wowote ufanywe baada ya kujua, si kabla. Dawa zako nyingine usizisimamishe bila kuuliza.

*Daktari, shikamoo. Mgonjwa ni mimi mume, umri wangu ni miaka 34. Ninatumia methotreksati na salfasalazini. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la methotreksati inaonya kwamba mwanamume naye asimpe mwanamke mimba akiitumia. Je, tumngoje mtoto mpaka nipone? Na je, mtoto ataurithi ugonjwa wangu?*
*Mume Mwenye Karatasi*

Marahaba, bwana. Wanaume huniandikia mara chache, nami nimefurahi kwamba umeisoma karatasi hiyo, ambayo wengi huitupa pamoja na boksi. Yaliyoandikwa humo ni tahadhari ya mtengenezaji. Ushahidi uliokusanywa kwa watoto ambao baba zao walikuwa wakitumia methotreksati kwa kipimo kidogo cha mara moja kwa wiki haujaonyesha kasoro zaidi, na miongozo ya karibuni ya Marekani na Uingereza inamruhusu mwanamume aendelee nayo. Usiiache kwa kuisoma karatasi peke yake, wala usiendelee kwa kunisoma mimi peke yangu. Liweke suala hili mbele ya daktari wako, akupe uamuzi akijua kipimo chako.

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa unayoweza kuiangalia zaidi ni ile ambayo hukuiulizia. Salfasalazini, inayomfaa mwanamke mjamzito, kwa mwanamume hupunguza idadi na mwendo wa mbegu. Haimdhuru mtoto, na hali hiyo hurudi kuwa ya kawaida miezi miwili hadi mitatu baada ya kuiacha, muda ambao mwili huutumia kutengeneza mbegu mpya. Wengi huzaa huku wakiitumia, kwa hiyo hakuna haja ya kuiacha mapema. Mkiona muda unapita bila mimba, ombeni mbegu zipimwe, na zikiwa chache, daktari ataibadilisha dawa hiyo. Kusubiri upone ni kusubiri jambo ambalo tiba ya leo haiwezi kukuahidi. Kinachosubiriwa ni utulivu.

Kuhusu urithi, mtoto hurithi mwelekeo tu. Hata kati ya mapacha wa kufanana kabisa, wenye chembe za urithi zile zile, mmoja akiwa na baridi yabisi, mwenzake huipata kwa takriban mara 15 tu kati ya 100. Mtoto wako atakuwa na uwezekano mkubwa kidogo kuliko mtoto wa jirani, na zaidi atakuwa na uwezekano wa kutoupata kabisa. Moja ya vichocheo vinavyojulikana vizuri ni sigara, na hilo liko mikononi mwenu.

*Daktari, nina mimba ya miezi sita, ya kwanza. Tangu mwezi wa tatu maumivu yametoweka. Pete ya ndoa iliyokuwa haiingii kidoleni sasa inaingia. Nimejiona nimepona, nikaacha haidroksiklorokwini wiki mbili zilizopita. Mama mkwe anasema mimba imenisafisha. Je, ni kweli? Na nyonga yangu ya kushoto, iliyoharibika zamani, itaniruhusu kuzaa kwa njia ya kawaida? Nitaweza kunyonyesha?*
*Pete Imerudi*

Alichokisema mama mkwe wako kiliwahi kuzungumzwa na watu wakubwa. Mwaka 1938 daktari wa Marekani aitwaye Philip Hench, wa Mayo Clinic, aliandika juu ya wagonjwa wake ambao baridi yabisi yao ilitulia walipokuwa wajawazito, akaamini kwamba mwili wa mama hutoa kitu fulani kinachouzima ugonjwa. Alikuwa ameona jambo kama hilo kwa wagonjwa waliopatwa na manjano yaletwayo na ugonjwa wa ini pia. Kukitafuta kitu hicho kulimfikisha, yeye na wenzake, kwenye kotisoni, dawa ya jamii moja na predinisoloni, ambayo mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi alichomwa mwaka 1948, na mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo predinisoloni inayomezwa leo kila mahali ina asili yake, kwa sehemu, katika viungo vya wajawazito waliosema kama wewe: pete imeingia.

Hench aliona kweli, lakini leo tunajua kwamba si kwa wote. Zamani ilisemwa kwamba robo tatu ya wajawazito hupata nafuu. Kwa vipimo makini vya siku hizi idadi hiyo inakaribia sita kati ya kumi. Nafuu huwapata zaidi wale ambao damu yao haina kingamwili za baridi yabisi. Inaelekea kwamba kinga ya mama hujilegeza ili imvumilie mtoto, ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba, na katika kujilegeza huko viungo navyo hupumzika. Hata hivyo, kupumzika si kupona. Kinga hiyo huamka mtoto akishazaliwa, na karibu nusu ya akina mama huona ugonjwa ukirudi kwa nguvu, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, wakati ambao usingizi ni haba na mikono ndiyo inayohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Basi mwone daktari wako wiki hii mzungumzie kuirudia haidroksiklorokwini. Ni salama kwako na kwa mtoto, na kwa kuwa hufanya kazi polepole, ukiingoja mpaka maumivu yarudi utakuwa umechelewa kwa miezi. Weka pia miadi ya kliniki ya viungo kwa wiki ya nne hadi ya sita baada ya kujifungua, na iandikishwe sasa, kwa maana mama mwenye mtoto mchanga hukumbuka miadi ya mtoto na kuisahau yake.

Nyonga iliyoharibika haikulazimishi upasuaji. Wanawake wenye nyonga za bandia nao huzaa kwa njia ya kawaida. Kinachotakiwa ni mkunga ajue mapema mguu wako wa kushoto unafunguka kiasi gani bila maumivu. Mkae pamoja mjaribu kulala ubavu au kupiga magoti kwa kuegemea, mkalichague pozi kabla ya uchungu kuanza. Jambo ninaloliogopa zaidi ya nyonga ni shingo. Baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza pingili mbili za juu kabisa za shingo, na mgonjwa asijue. Iwapo una maumivu ya kisogo, ganzi mikononi, au ugonjwa wako ni wa miaka mingi, mwambie daktari wa usingizi mapema, kwa sababu ikitokea dharura ya upasuaji, namna atakavyokigeuza kichwa chako ili akuwekee mpira wa kupumulia itategemea habari hiyo.

Kunyonyesha utaweza. Haidroksiklorokwini, salfasalazini, predinisoloni, ibuprofeni na sindano za kuzuia TNF zinakubaliana na kunyonyesha. Mtoto akiwa njiti au mwenye manjano, mwambie daktari wa watoto kwamba unatumia salfasalazini. Ukipewa predinisoloni ya miligramu 20 au zaidi, ngoja saa nne baada ya kuimeza ndipo unyonyeshe. Methotreksati, lefunomidi, tofasitinibu na barisitinibu hazimo katika orodha hiyo. Ugonjwa ukikulazimisha kurudi kwenye mojawapo, mtaamua na daktari kati ya dawa na ziwa, na mama anayechagua dawa hajamnyima mtoto wake upendo wowote.

Lililobaki ni mikono yako. Usimwinue mtoto kwa kumshika makwapani kwa vidole gumba, kama watu wanavyofanya, kwa kuwa uzito wote huangukia vifundo vya mikono. Ingiza kigasha kimoja chini ya kichwa na mgongo, kingine chini ya makalio, umlete kifuani kwanza ndipo usimame. Wakati wa kunyonyesha, mto mnene uwekwe mapajani ili mtoto alale juu yake, viganja vyako vibaki vya kumwelekeza tu. Chagua nepi za kubandika na nguo zenye zipu badala ya vifungo vidogo. Yote haya yafanyie mazoezi sasa, jioni, kwa mfuko wa kilo tatu wa mchele au mchanga uliofungwa kwenye taulo, na mume wako naye ajifunze pamoja nawe, kwa sababu kuna asubuhi ambazo pete itakataa tena kuingia, na siku hiyo yeye ndiye atakayemtoa mtoto kitandani na kukuletea.